Wakili wa Huku na Balozi wa Kule

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo, lakini kinyozi wetu mdomo ulianza kwa kumpa jina. Kabla ya hapo alikuwa kinyozi tu kama vinyozi wengine: chumba kimoja kinachotazama barabara, viti viwili vya kuzunguka, kimoja kiligoma kuzunguka zamani, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na juu ya kioo maandishi mekundu aliyoyapaka kwa mkono wake mwenyewe: MKATAA KWAO MTUMWA. Wenzake huandika bei ya kunyoa. Yeye aliandika hivyo. Herufi ya mwisho ilichuruzika mpaka kwenye fremu ya kioo, kwa sababu rangi huku haikauki upesi.

Huku hakuna kinachokauka upesi. Mji umejilaza bondeni, mto umeuzunguka, na asubuhi ukungu unaingia mpaka vyumbani bila kupiga hodi. Shati ukilianika leo utalivaa keshokutwa, na hapo bado bichi. Chumvi inageuka uji ndani ya kopo. Ukisogeza kabati utakuta ukuta umeota weusi. Ufute leo, wiki ijayo umerudi na ndugu zake. Lakini thubutu useme hayo mbele ya kinyozi! Kwake yeye huu ndio mji pekee ambao binadamu mwenye akili anaweza kuishi. Maji ya bomba hayakatiki. Soko halifungwi mapema. Ukianguka barabarani kuna wa kukuinua, wa kukupangusa, na wa kukuuliza kwa nini ulipita hapo.

Ule mwingine tunauita Kule tu. Uko juu kwenye tambarare, safari ya kutwa nzima kwa lori. Mkavu, umenyooka, barabara pana, kila nyumba na ua wake. Sisi na wao ni watani tangu enzi za babu zetu, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Wao wanatuita vyura. Sisi tunawaita vikaango, maana wamekauka na wametulia palepale walipowekwa.

Sasa siku moja akaingia saluni dereva wa lori kutoka Kule, jitu la watu, sharubu zimejaa vumbi la safari. Akanyolewa vizuri, akapakwa spiriti, kinyozi akamfunika uso kwa taulo. Ikatoka sauti chini ya taulo:

"Bwana kinyozi, hili taulo umelitoa mtoni sasa hivi?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka wote. Kinyozi hakugeuza hata shingo.

"Limeanikwa tangu juzi, ndugu yangu. Ila sisi huku tuna maji. Najua kwenu kule mtu akiguswa na kitu chenye maji anashtuka, anadhani amezaliwa upya."

Loo! Benchi lilipinduka kwa kicheko. Dereva naye akacheka mpaka kiti kile kilichogoma kuzunguka kikazunguka kidogo. Akasema sawa, kwao maji ni ya mgao, lakini angalau mtu wa kwao akivua viatu jioni asubuhi havikuti vimeota uyoga. Kinyozi akamjibu kwamba uyoga ni kitoweo, na mtu wa Kule hata kitoweo mpaka kiwe na kibali. Ikawa hivyo mpaka jua likageuka. Siku hiyo ndipo kinyozi alipoitwa Wakili, na dereva akaitwa Balozi, na majina ya wazazi wao yakasahaulika.

Tangu hapo, kila lori la Balozi liliposhusha mzigo Jumamosi, mtaa mzima ulijua kuna kesi. Fundi viatu wa barazani, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa saluni, akajiteua refa. Hakuulizwa. Alichukua nyundo yake, akagonga kile chuma anachopigilia soli, akasema: "Kesi imeanza!" Basi. Akaitwa Refa naye. Wakabuni na adhabu: Balozi akishindwa, kioo kinafunikwa taulo na ananyolewa bila kujiona, anatoka na kichwa alichopewa. Wakili akishindwa, kunyoa ni bure. Mimi nawaambieni, Balozi alitoka humo na vichwa vya ajabu! Siku moja aliondoka na kishungi kama cha kuku, akaendesha lori mpaka kwao nacho, aliporudi akasema kule wamekipenda.

Walipendana wale wawili. Hawakuambiana, lakini Balozi alipochelewa Wakili alinoa wembe ambao tayari ulikuwa mkali, akichungulia barabara.

Mambo yangeishia hapo kama si ile Jumamosi ya mvua. Wakili alikuwa ameshinda vibaya mno, kioo kimefunikwa, watu wamejaa mpaka mlangoni, wengine wamesimama kwenye mvua na hawaoni tabu. Sifa zikampanda kichwani. Akapanda juu ya kiti kibovu, akanyoosha mashine ya kunyolea juu, akaapa: "Siku mtakaponiona mimi nahamia Kule, Refa anitoboe ulimi kwa msumari wa soli!" Watu wakapiga vigelegele. Refa akatoa msumari mmoja kwenye kopo lake, akaupigilia juu ya mlango wa saluni, uwe kumbukumbu. Mpaka leo upo. Umeshika kutu, bila shaka.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wakili alikuwa akiwaambia wateja methali hiyo kila mara, lakini mwenye kusema si mwenye kusikia.

Kikohozi kilianza kama mgeni wa siku moja. Akakipokea kwa tangawizi na maji ya moto. Mgeni hakuondoka. Kikapata chumba, kikajaa kifuani, ikawa akipanda ngazi za kutoka soko la mtoni lazima akae katikati, anajifanya anafunga kamba za viatu, na miguuni ana ndala. Akiwa ananyoa alijifunza kusimamisha mashine kabla kikohozi hakijaja, asije akamkata mtu. Wateja wakadhani anatafakari jibu la kumpa Balozi.

Mkewe hakudhani. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, cherehani yake iko chumbani palepale wanapolala, na mtu anayeshona ana masikio: anajua uzi unapokaribia kukatika kabla haujakatika. Alikisikiliza kile kifua, akatulia, siku moja akafunga cherehani kwa kitambaa, akamshika mume mkono, akampeleka hospitali kama mtoto anayepelekwa shule.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akamsikiliza mgongoni, akauliza, "Baba, chumba unacholala kina ukungu ukutani?"

"Kidogo," Wakili akasema.

"Kimejaa," mkewe akasema.

"Na kazini?"

"Kazini ndiko ukungu unakokaa," mkewe akasema, "kwetu unakuja kulala tu."

Daktari akaandika dawa. Kisha akaweka kalamu chini. "Dawa zitakusaidia, lakini sitakudanganya, baba. Kifua chako hakiwezi tena unyevu huu. Ukibaki, kila msimu wa mvua utakuwa mbaya kuliko uliopita, na itafika msimu ambao hautauvuka. Huna ndugu mahali pakavu? Kwa mfano kule juu, kwenye ule mji wa tambarare? Wagonjwa wangu waliohamia huko wanapumua vizuri."

Wakili alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Mkewe ndiye aliyejibu. "Binti yetu ameolewa huko huko," akasema. "Juzi tu amejifungua."

Basi ukijumlisha, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mdomo wa Wakili. Binti alikuwa akipiga simu kila jioni: "Baba, njooni, mjukuu wenu anakua hamumwoni." Mkwe, kijana asiye na maneno mengi, alikwisha kutafuta vyumba viwili, cha mbele kina mlango wa barabarani, kinafaa saluni. Ukuta mkavu, mkwe alisema, ukiugonga unalia. Mke aliisikia sauti ya ule ukuta akilini mwake kila alipogusa wa kwake.

"Twende," akamwambia mumewe.

"Watasemaje?"

"Watasema wiki moja, watachoka. Kifua chako kitasema kila siku."

"Mimi ni Wakili wa huu mji, mke wangu."

"Wewe ni mume wangu. Mji una watu wengi."

Wakili akatoka kwenda kufungua saluni. Ukweli ni kwamba hakuogopa kuchekwa tu. Mtu akikucheka kwa wiki moja huwezi kufa. Alichoogopa ni kitu kingine, nacho alikijua vizuri, alikigeuzageuza kila alipokuwa ananyoa. Huku akitembea barabarani watu wanaita, "Wakili!" Muuza mboga anaita, mlinzi wa ghala anaita, watoto wanaita. Kule atakuwa nani? Mzee mmoja anayekohoa nyumbani kwa mkwewe. Alikuwa amejijengea nyumba ya maneno, akaingia ndani, akajikuta hakuweka mlango.

Msimu wa mvua ulipokaribia, alishindwa kupanda ngazi za soko hata kwa kufunga kamba za ndala. Mlinzi wa ghala alimshika kwapani, akamfikisha juu, akamwambia, "Pole, Wakili, leo umekula sana?" Jioni ile alikaa kitandani, akapumua kwa sauti kama mtu anayevuta maji kisimani, na machozi yakamtoka. Mkewe alikuwa anaweka pindo kwenye sketi ya shule.

"Nitawaambia," akasema. "Jumamosi, Balozi akija. Nitawaambia wote kwa pamoja."

Mke hakuinua kichwa, aliogopa kuishtua ile ahadi. "Utasemaje?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, uso wa Wakili ukachangamka. Alikuwa amepata njia. Kama aliingia kwa utani, atatoka kwa utani! Balozi ataanza mashtaka, naye atajikwaakwaa, ataacha hoja zianguke, mpaka Refa apige nyundo. Kisha atanyanyua mikono juu, atasema: "Jamani, nimeshindwa, na mshindwa humfuata mshindi. Nahamia kwao!" Watu watapiga kelele, watamzomea, Refa atang'oa msumari pale juu ya mlango na kumkimbiza nao, watacheka wote, na ndani ya kile kicheko yeye atapita, huyoo, atakuwa ametoka.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Mshindwa humfuata mshindi."

Mkewe akacheka, akajifuta macho kwa sketi ya mtoto wa watu. Ijumaa akaanza kufunga mizigo. Jumamosi asubuhi akateremsha hata mapazia.

Wakili alifungua saluni mapema, akajipangusa, akasimama mbele ya kioo akijaribu uso wa mtu aliyeshindwa. Hakuwa na mazoea nao. Akajaribu kuinamisha kichwa, akajaribu kukuna kisogo. Refa akachungulia. "Unaumwa jino?" akauliza.

"Najiandaa."

"Leo mmalize basi, mtu wa watu amekonda kwa vichwa vyako."

Watu wakaanza kujaa. Saa za lori zikafika, zikapita. Wakili akanoa wembe. Kisha kwenye kona akatokea Balozi, lakini hakuwa na lori. Alikuja kwa miguu, nyuma yake mkokoteni unasukumwa, na juu ya mkokoteni godoro lililokunjwa, jiko, beseni, sanduku la bati, na kiti kimoja cha mbao kimepinduliwa miguu juu. Watu wakapisha. Wakili akasimama mlangoni na wembe mkononi, haelewi.

Balozi akaingia, akavua kofia, akasimama katikati ya chumba. Refa akagonga nyundo: "Kesi imeanza! Kule, sema!"

"Kule hatuna la kusema," Balozi akasema.

"Ala! Umekuja bubu?"

"Nimekuja kukiri." Akageuka, akawatazama watu wote, sharubu zinamcheza. "Jamani wa huku. Huyu mtu amenipiga kwa maneno miaka yote hii. Nikirudi kwetu nalala, naamka, naona anasema kweli. Nikianguka barabarani kule, nitalala hapo mpaka nijiinue. Kampuni imenistaafisha, gari nimekabidhi. Nikajiuliza, sasa uende wapi? Nimepata chumba hapo nyuma ya kwa Refa." Akanyanyua mikono yote miwili juu. "Nimeshindwa. Na mshindwa humfuata mshindi. Nahamia kwenu!"

Ah, jamani! Mimi sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walirukaruka, benchi likavunjika mguu, mama muuza mboga akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wakamnyanyua Wakili mabegani, wakamtoa nje, wakamzungusha barabarani, "Wakili! Wakili!", na watoto nyuma wanaimba Vikaango wamekuja kuoga. Juu mabegani pale alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Sisi tukadhani ni furaha. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa yameshasemwa, na aliyeyasema alikuwa mwingine, na hakubakiwa na mengine. Walipomshusha, kikohozi kilimkunja mpaka akashika magoti. Balozi akampigapiga mgongoni kwa kiganja chake kipana.

"Hewa ya mji wenu hii," akasema kwa sauti ili watu wasikie, "itabidi unifundishe kuizoea!"

Watu wakacheka tena.

Nyumbani, uchochoro wa pili kutoka hapo, mke wa Wakili alisikia zile kelele. Alikuwa amesimama katikati ya mizigo. Akasema moyoni, ameshawaambia, na tazama, wanamuaga kwa shangwe. Akakaa juu ya furushi la mashuka akalia kwa furaha, peke yake, mpaka akachoka.

Mchana watu walipokwisha kutawanyika, Balozi alikaa kwenye kile kiti kibovu. Taulo lilikuwa juu ya kioo, kwa sheria. Wakili akampaka sabuni. Alisema moyoni, sasa. Tuko wawili tu. Nikimwambia huyu, mengine yatafuata.

"Ndugu yangu," akaanza, "uamuzi huu, uliufikiria vizuri? Huku... huku kuna unyevu, ujue."

Balozi akacheka chini ya povu. "Leo ndiyo unaniambia?" Kisha akaendelea, na haikuwa sauti ya kesi. "Nitakwambia kitu, Wakili, usiwaambie wale. Mji wenu siupendi. Unanuka tope, na godoro langu litaoza kabla yangu. Lakini tangu mke wangu afariki, watoto nao wametawanyika, kule kwetu naweza kukaa ndani mpaka watu wakasahau kama nipo. Kila mtu na ua wake. Nikakaa nikajiuliza, ni wapi duniani nikitokea kuna mtu anachungulia barabara ananisubiri? Nikaona ni hiki kiti." Akafumba macho, akaegemeza kichwa. "Sasa wewe usije ukanikimbia tu, mtani wangu. Nitabaki na nani kwenye tope hili?"

Wembe ulikuwa shingoni. Wakili aliushika pale pale, haupandi haushuki. Alihisi kifua kinajaa, akakizuia, akakizuia mpaka macho yakawa mekundu.

"Nikimbilie wapi?" akasema.

Aliporudi nyumbani mkewe alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamkumbatia, akamwambia nimesikia, nimesikia, Mungu mkubwa! Wakili akaingia ndani. Madirisha hayana mapazia, mwanga umejaa ovyo. Cherehani imevishwa blanketi na kufungwa kamba. Akakaa juu ya sanduku akamweleza, tangu mkokoteni mpaka wembe, bila kumtazama.

Mke alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo umeshinda."

"Nimeshinda."

"Mwambie, baba watoto. Ni rafiki yako. Mtu aliyekupenda mpaka kuacha kwao hawezi kukutakia kifo. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nitamwambia kesho."

Kesho Balozi alikuja kuweka kiti chake cha mbao pembeni ya benchi, akasema hapa ndipo nitakapozeekea. Wakili akasema nitamwambia keshokutwa. Keshokutwa muuza mboga alimletea Balozi bakuli la uji bure, karibu mjini. Wiki ikapita. Kila asubuhi mke alivua kamba ya cherehani ili amalizie sare za watu, kila jioni akaifunga tena, na kila alipoifunga alimtazama mumewe, na mumewe akatazama ndala zake. Mvua za kwanza zikaanza. Weusi ukashuka ukutani mpaka usawa wa mto wa kulalia.

Siku sare za mwisho zilipochukuliwa, hakuvua tena kamba.

"Mimi natangulia," akasema. "Mtoto ananihitaji, na mimi siwezi kukaa nikihesabu pumzi zako zinavyopungua kwa ajili ya mzaha. Chumba cha mbele nitakufagilia. Kiti nitakuwekea. Wewe njoo ukimaliza kesi yako."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu, Wakili angepata la kujibu. Akambebea furushi mpaka stendi, yeye mke akabeba cherehani kichwani, kwa sababu mume asingeiweza. Njiani mume alisimama mara kwa mara kuvuta pumzi, mke akamsubiri kila mara, mzigo kichwani, bila kugeuka, ili asimwone anavyohangaika. Basi lilipoanza kutembea mke alitoa mkono dirishani. Hakupunga. Aliutoa tu, kiganja wazi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi aushike. Wakili alikwenda nalo hatua chache, kifua kikamkatalia.

Alirudi saluni moja kwa moja. Nyumbani angefanya nini? Benchi lilikuwa limejaa kwa sababu ya mvua, Balozi kwenye kiti chake, Refa ameingiza kazi yake ndani asilowane.

"Nimemwona shemeji anaelekea stendi," Balozi akasema. "Kwema?"

"Kwema. Amekwenda kumsalimia mtoto. Kwenu huko."

"Kumsalimia, na cherehani kichwani?" Refa akauliza, misumari mdomoni.

Benchi lote likamgeukia Wakili. Balozi aliinua macho akamtazama Wakili vizuri, si macho ya utani. Nafikiri pale ndipo alipoanza kuelewa kitu, maana alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza, akasogea mbele kwenye kiti. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa, na hata lingetoka vibaya, hata lingetoka na machozi, sote tulikuwa pale na hakuna ambaye angecheka.

Wakili akavuta pumzi, ikaishia njiani.

"Anamshonea mjukuu nguo," akasema. "Kule kuna mafundi? Wanajua kushona mifuko ya saruji tu."

Mtu mmoja akaanza kucheka, benchi likafuata.

"Atarudi lini?" Balozi akauliza, na hakuwa amecheka.

Wakili akageukia ukuta, akachukua taulo lililo juu ya kioo, likiwa bichi kama siku zote, akajifuta uso wote nalo, polepole. Alipolishusha alikuwa anatabasamu.

"Atarudi tu, mtani," akasema. "Nani anaweza kuishi kule?"

Tukaangua kicheko, na Refa akatema misumari, akagonga nyundo kwenye chuma, akapaza sauti kushinda mvua: "Huku wameshinda!"